Mstari wa Mbegu Thelathini na Moja

Mche mweupe wa mtama husikitisha kuutazama. Huchipua ndani ya chupa kama mche mwingine wowote, hunyoosha majani mawili au matatu, laini na safi kama karatasi isiyoandikwa kitu, kisha hukaa hivyo hivyo maadamu sukari iliyomo kwenye chakula chake haijaisha. Hauna kijani, kwa hiyo hauwezi kujilisha. Sukari ikiisha, huanza kunyauka kutoka ncha za majani, na baada ya siku chache hubaki uzi wa rangi ya chai. Katika miaka miwili ya kwanza ya masomo yangu ya uzamili, mwishoni mwa miaka ya themanini, niliitazama miche ya aina hiyo ikifa mmoja mmoja mpaka nikaacha kuiandika kama miche. Niliweka alama ya msalaba tu na kufungua ukurasa mwingine.

Kazi yangu ilikuwa kuotesha mtama bila mbegu. Ndani ya ua la mtama mna vifuko vidogo vya manjano vinavyobeba chavua; kitaalamu huitwa vyavulio. Ukikichukua kifuko hicho kabla chavua haijakomaa, ukakilaza juu ya chakula cha sukari na homoni katika kisahani kilichotakaswa, yapo matumaini madogo kwamba punje moja ya chavua itasahau kuwa ni chavua. Itaanza kugawanyika, itakuwa tonge la seli, na tonge hilo likihamishiwa kwenye chakula kingine litatoa mche. Mche wa namna hiyo hauna wazazi wawili. Umetokana na nusu moja tu ya urithi, na ukizaa, watoto wake wote hufanana kabisa. Kwa watu wanaozalisha mbegu hiyo ni njia ya kufika katika msimu mmoja mahali ambapo wengine hufika kwa misimu saba. Tasnifu yangu ilihusu mambo yanayoamua kama mche utatoka au hautatoka: umri wa chavua, muda wa kuiweka kwenye baridi, aina ya sukari, mwanga, afya ya mmea mama. Jina la tasnifu lilikuwa refu kuliko matokeo yake.

Mmea mama niliutengeneza mwenyewe. Nilichukua mtama mwekundu, mrefu na mchungu, niliopewa na mkulima mmoja wa Mabira, upande ambao siku hizi ni Wilaya ya Kyerwa lakini wakati ule ulikuwa Karagwe tu, nikauchavusha kwa mtama mweupe na mfupi wa kituo cha utafiti. Chotara uliopatikana ulistawi vibaya chuoni, kwenye joto la nyanda za chini. Msimamizi wangu, mtu wa maneno machache ambaye sikuwahi kumwona akiketi, alivitazama vyavulio vyangu kwa hadubini na kusema, "Mmea wenye njaa hautazaa ndani ya chupa. Upeleke kwao." Ndivyo nilivyofika kijiji cha Chonyonyo, huko huko Karagwe.

Mimi ni mtu wa Muleba, hivyo Karagwe haikuwa ugenini kwangu kwa maana ya ramani. Kihaya changu na Kinyambo chao husikilizana vizuri. Hata hivyo, kila nilipofungua mdomo watu walitabasamu kabla sijamaliza sentensi, nami nikawa naanza kuipima kila sentensi kabla ya kuitoa, na sentensi nyingi, baada ya kupimwa, hazikutoka. Nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane ambaye wazazi wake walivuka kutoka Rwanda akiwa bado anabebwa mgongoni. Alikuwa na kibanja cha migomba na kahawa kuzunguka nyumba, na nje ya kibanja, kwenye nyasi wazi, alikuwa na msiri, yaani shamba la mazao ya msimu. Msiri ni mali ya mwanamke. Mwanamume haingii humo bila kuitwa, na msiri ukiwa na magugu hakuna anayemsema mume. Husemwa mwenye msiri. Alinikatia ukanda kando ya njia, nami nikapanda chotara wangu humo.

Msimu huo wa kwanza ulikwenda vizuri. Asubuhi na mapema nilikata masuke yakiwa bado yamefunikwa na jani la mwisho, nikayafunga kwa kitambaa chenye maji, nikayapanga ndani ya kasha la barafu. Mimea michache niliyoipanda mapema ilikuwa tayari imekomaa; nilimpa mama mbegu zake kama shukrani, naye akazipokea kwa mikono miwili. Kisha nikaanza safari ya basi hadi Bukoba, meli hadi Mwanza, treni hadi chuoni, nikinunua barafu kwa wauza samaki kila nilikoweza. Vitabu vilisema masuke yakae kwenye baridi siku saba. Treni iliharibika njiani, nasi tukakaa kwenye kituo kidogo ambacho hata jina lake sikulisoma vizuri, nikigeuza vipande vya barafu huku abiria wenzangu wakiamini nimebeba dawa ya maiti. Nilifika siku ya kumi na moja. Niliandika kwenye daftari: "Baridi, siku kumi na moja, joto halikupimwa." Ni katika shehena hiyo, na si nyingine, ndipo palipotoka mche wa kijani.

Aliyeuona kwanza ni fundi wa maabara. Alikuja mbio kwenye chumba cha kusomea akiwa bado na glavu.

"Kaka, njoo! Kuna mmoja amekataa kuwa mweupe!"

Nilimfuata. Katikati ya chupa za miche ya karatasi kulikuwa na ncha moja ya kijani, ndogo kuliko msumari. Watu wa idara walikuja kuutazama kwa zamu. Soda zilinunuliwa. Mkuu wa idara aliutaja katika taarifa yake ya mwaka, na msimamizi wangu, ambaye hakuwa mtu wa kusifu, aliniwekea mkono begani kwa muda ambao nadhani haukuzidi sekunde mbili.

Mimi peke yangu sikuinywa soda yangu ikaisha. Kifuko cha chavua hakina chavua tu. Kina ukuta, na ukuta huo ni mwili wa mmea mama. Ukuta nao unaweza kutoa tonge, na tonge hilo nalo linaweza kutoa mche, tena wa kijani kizuri, kwa sababu haukupitia shida yoyote. Mche wa namna hiyo si kitu kipya. Ni mama yule yule aliyerudi kwa mlango wa nyuma. Nilihesabu kromosomu katika ncha ya mzizi mmoja nikapata ishirini, sawa na mtama wa kawaida, lakini hesabu hiyo haikuamua jambo, kwani mche wa chavua mara nyingine hujiongeza maradufu wenyewe na kufikia ishirini hizo hizo. Nilimweleza fundi wa maabara mashaka yangu. Alinisikiliza kwa upole, kisha akasema, "Kaka, wewe hata ukifika mbinguni utaomba kuona hati ya kiwanja." Baada ya hapo sikumweleza mtu mwingine.

Jaribio lililobaki lilikuwa moja. Mche ulikua, ukatoa suke dogo, na suke likatoa mbegu thelathini na moja. Nikizipanda zote na mimea yote ikafanana kwa urefu, kwa umbo la suke na kwa rangi ya punje, basi mche ulikuwa wa chavua, na sura ya tano ya tasnifu yangu ilikuwa na kitu cha kusema. Ikitoka mirefu na mifupi, myekundu na myeupe, kama watoto wa nyumba moja wanavyotofautiana, basi ulikuwa wa ukuta. Nisingekuwa na mche hata mmoja, na taarifa ya idara ingekuwa ya uongo kwa sababu yangu. Chuoni mwaka huo ndege walikuwa wamemaliza kila suke la majaribio, kwa hiyo nikazitia mbegu zangu kwenye chupa ya vidonge na kurudi Chonyonyo.

Nilimkuta mama msirini na jirani yake, wakipalilia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwalimu. Umerudi na omugusha wako?" Hakuwahi kuniita kwa jina lingine, ingawa sikuwahi kufundisha mtu, na mtama hakuwahi kuuita mtama.

"Nimerudi nao. Safari hii ni thelathini na moja tu."

"Magunia?"

"Mbegu, mama."

Aliitazama chupa ya vidonge, kisha akamtazama jirani yake. Jirani akalaza jembe chini taratibu.

"Waitu, bwana wetu," jirani alisema, "serikali imeishiwa kiasi hiki?"

Wakacheka mpaka wakainama. Nilivuta kamba yangu yenye mafundo, nikaanza kupanda mbegu moja kila fundo. Mama alinifuata hatua kwa hatua, mikono nyuma.

"Mojamoja?"

"Ndiyo, mama."

"Isipoota je?"

"Naandika kwamba haikuota."

"Halafu?"

"Halafu basi."

Alimgeukia jirani. "Huyu hapandi mtama. Anapanda daftari."

Siku ya tisa nilikwenda kuhesabu. Miche ishirini ilikuwa imetokeza, mashimo kumi na moja hayakuwa na kitu. Jua lilikuwa kali na kichwa kilikuwa kimeanza kunigonga, nikaandika idadi, nikafunga daftari, nikakusudia kesho yake kuchora nafasi ya kila pengo kwenye mstari. Kesho yake sikuinuka. Malaria ilinipeleka hospitali, nikakaa huko zaidi ya wiki mbili, nikizungumza, waliniambia baadaye wauguzi, kuhusu sukari.

Niliporudi nilikuwa mwepesi kama mtu aliyetolewa kitu tumboni. Nilishuka Omurushaka, nikafika Chonyonyo mchana, na kabla ya kuingia ndani nikaenda msirini. Mstari ulikuwa umejaa. Niliuhesabu mara mbili, nikigusa kila mche kwa kidole: thelathini na moja. Mvua ilikuwa imenyesha vizuri nilipokuwa hospitali. Nilitoa daftari nikaandika, kwa mwandiko uliokuwa bado unatetemeka: "Uotaji kamili. Mbegu kumi na moja zilichelewa." Kisha nikaketi kwenye nyasi na kufurahi.

Nimeufikiria mchana huo mara nyingi kuliko siku nyingine yoyote ya ujana wangu. Nilikuwa mtu wa kutia shaka kila kitu. Nilitia shaka mizani, kipimajoto, lebo nilizoziandika mwenyewe. Mbegu zilizotoka suke moja, zikapandwa siku moja, kwa kina kimoja, kwenye udongo mmoja, nazo zingetofautiana kwa wiki mbili na bado miche yake ilingane kimo? Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeuliza. Mimi sikuuliza, kwa sababu kitu nilichokiona kilinipendeza.

Miezi iliyofuata niliishi kwa mstari ule. Asubuhi niliupima, jioni niliupima tena ingawa mtama haukui kiasi cha kupimwa mara mbili kwa siku. Sikuwa na mtu wa kuzungumza naye juu ya jambo pekee nililokuwa nalifikiria. Mama alinipa ndizi na maharage na kunisimulia habari za watu, nami nilimjibu kwa adabu, na baina yetu kulikuwa na ukimya ambao yeye aliudhani ni uchovu wa malaria. Jumapili alikwenda kanisani na kuniachia ufunguo. Nilibaki nyumbani nikisikiliza majani ya migomba yakigusana, na mara nyingine nilisema kwa sauti maneno niliyokuwa nikiyaandika, ili tu nisikie kama bado yana maana.

Kisha mimea ilianza kutofautiana. Mwanzoni nilijiambia ni kivuli cha ule mgomba wa pembeni. Baadaye baadhi ilinipita kichwa na mingine ikabaki kiunoni. Masuke yalipotoka, mengine yalifumba kama ngumi na mengine yakatawanyika kama fagio. Punje zilipoanza kupata rangi, nyingine zilielekea wekundu na nyingine zikabaki nyeupe. Mimea mingi ilifanana, hilo niliona, mifupi yenye suke lililofumba. Lakini mingi si yote, na jaribio langu halikuwa na nafasi ya neno "mingi."

Niliandika barua kwa msimamizi wangu ya ukurasa mmoja. Nilimwambia kwamba mche wa kijani ulitokana na ukuta wa kifuko, kwamba naomba radhi kwa taarifa ya idara, na kwamba nang'oa mimea kuanzia kesho. Niliipeleka Kayanga mwenyewe kwa miguu ili iwahi basi la Bukoba. Kurudi kwangu nilipitia njia ya Kiruruma, ndefu zaidi, kwa sababu sikutaka kufika.

Kesho yake nilianza kung'oa. Punje zilikuwa bado laini. Ukizibinya zinatoa uji. Nilikuwa nang'oa mmea, nautupa kwenye lundo, nang'oa unaofuata, bila mpango, mimi ambaye sikuwahi kutupa hata kijiti cha kiberiti bila mpango. Nilikuwa nimefikisha kumi na tisa mama aliponijia na ungo wake.

"Mwalimu! Mbona unang'oa chakula hakijaiva?"

"Huu mtama, mama, umenidanganya."

"Kwani mtama umekwambia nini?"

Nilijaribu kueleza. Nilimwambia nilitaka mimea yote ifanane, kwa kuwa mama yao alikuwa mmoja na baba hawana.

"Hawana baba," alisema, akiweka ungo chini, "halafu unashangaa hawafanani?"

Sikucheka. Aliona kwamba sikucheka, akasogea karibu.

"Na wale wangu je? Nao wamekudanganya?"

"Wako wepi, mama?"

"Si wale niliokurudishia. Ulipokuwa hospitali."

Nilisimama na mmea mkononi, udongo ukidondoka viatuni. Kurudishia, kwa wakulima wa huko, ni kuchukua miche mahali iliposongamana na kuihamishia kwenye mapengo. Kila mwanamke mwenye msiri hufanya hivyo baada ya mvua ya pili, bila kufikiri, kama mtu anavyofunga kifungo cha shati kilichofunguka.

"Ulitaka nifanye nini?" alisema. "Mstari uko kando ya njia. Watu wapite waseme, mgonjwa wake yuko hospitali, hata shamba lake hakumwangalizia? Nilipima kwa kamba yako ile ya mafundo. Mmoja mmoja, kama ulivyopanda wewe. Tena sikuchukua omugusha wa kwetu, nikasema nitamchanganyia mambo yake. Nilichukua ndugu zao. Zile mbegu ulizonipa mwaka ule, nilikuwa nimezimwaga nyuma ya jiko."

Ndugu zao. Mbegu za chotara, zile nilizompa kama shukrani, ambazo kwa asili yake hutoa mirefu na mifupi, myekundu na myeupe. Angejazia kwa mtama wake wa kienyeji, ningeutambua mara moja na kuutoa. Kwa uangalifu wake, kwa kujali kazi yangu kuliko mtu yeyote aliyewahi kuijali, alichukua mbegu pekee katika wilaya nzima ambazo nisingeweza kuzitofautisha na jibu nililoliogopa.

Barua ilikuwa njiani, lakini barua inaweza kufuatwa na barua nyingine. Kama mimea isiyofanana ilikuwa yake, na inayofanana ilikuwa yangu, basi mche wangu ulikuwa wa kweli.

"Mama, unaikumbuka ni ipi?"

"Naikumbuka, kwa nini nisikumbuke."

Alianza kupita kwenye mimea kumi na miwili iliyobaki imesimama. "Huu wangu. Huu wako. Huu wako. Huu wangu, huu mrefu." Aligusa kila mmoja kwa mgongo wa mkono. Kisha akaenda kwenye lundo, ambako hapakuwa na mstari wala fundo wala nafasi, akaendelea vile vile. "Huu wangu, mwekundu. Huu wangu." Kila mrefu ulikuwa wake. Kila mwekundu ulikuwa wake. Nilikuwa namfuata kwa penseli, nikaandika, nikaandika, mpaka nikainua macho na kumkuta hautazami mtama. Ananitazama mimi usoni.

"Mama," nilisema, "huu nao?" Nikanyanyua mmoja mfupi, wenye suke lililofumba, ila nilikunja uso kidogo, kwa makusudi.

Alisita. "Huo," alisema, "huo nao nadhani ni wangu."

Niliifuta orodha yote.

Mizizi ilibaki. Mche uliohamishwa mara nyingi hukunjika shingo chini ya udongo, nami nilichimba ile kumi na miwili, nikaiosha pamoja na ya kwenye lundo kwa ndoo baada ya ndoo za maji ambazo mama alizichota bila kuuliza. Baadhi ilikuwa na kona iliyo wazi, na katika hiyo mingi ilikuwa mirefu. Lakini mtama huacha mzizi wake wa kwanza ufe ungali mchanga, na kuotesha mingine kutoka shingoni. Ilipofika umri ule, mimea mingi haikuwa na ushahidi wowote wa utoto wake. Njia ya mwisho ingekuwa kupanda mbegu za kila mmea peke yake na kusubiri msimu mwingine. Mbegu hizo zilikuwa uji. Nilikuwa nimezing'oa kwa mikono yangu, mimea kumi na tisa kwa hasira na kumi na miwili kwa pupa ya kuona mizizi, kabla sijatambua kwamba nitazihitaji. Na muda wa ufadhili wangu ulikuwa umebaki miezi miwili.

Mama aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Nimekuharibia," alisema.

"Hapana, mama."

"Nimekuharibia, usinibembeleze. Basi andika kwamba ni mimi. Andika, mwanamke wa Chonyonyo ameharibu. Hao wakubwa zako watanifanya nini? Watakuja hapa kunichapa?"

Nilimwambia nitaandika kilichotokea. Aliokota ungo wake, akaanza kupukuchua yale masuke mabichi kwa ajili ya kuku.

Barua ya pili ilinichukua siku tatu. Rasimu ya kwanza ilisema kwamba matokeo yangu ya awali yalikuwa sahihi na kwamba mstari ulivurugwa. Kila neno lake lilikuwa na uwezekano wa kuwa kweli. Niliisoma kwa macho ya mtu asiyenijua, nikamwona kijana ambaye, jibu lilipomchukiza, amekwenda kutafuta mwanamke asiyejua kusoma wa kubeba lawama. Nikaichana. Rasimu niliyoituma ilieleza mambo kwa mpangilio wa siku, na haikuwa na hitimisho. Jibu lilifika baada ya majuma matatu, mstari mmoja kwa mwandiko wa msimamizi: "Rudi uandike kilichopo."

Kilichopo kilikuwa vyavulio, baridi, sukari na misalaba mingi. Sura ya tano niliiandika mwisho, kurasa mbili na nusu. Niliandika kwamba mche mmoja wa kijani ulipatikana na kwamba asili yake haikuthibitika. Kisha nikaandika sentensi ambayo msimamizi alinishauri niiondoe, kwa kuwa haikuwa ya kitaalamu, nami kwa mara ya kwanza sikumtii: "Mapengo kumi na moja yalijazwa wakati mtafiti hayupo, mtafiti alirudi, akauona mstari umejaa, na hakuuliza."

Siku ya utetezi nilikaa mbele ya watu wanne katika chumba chenye meza ndefu kuliko ilivyohitajika. Mtahini kutoka nje, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alipekua tasnifu mpaka akafika ukurasa huo. Aliisoma sentensi yangu kwa sauti, polepole. Chumba kizima kilisikia.

"Hakuuliza," alirudia. "Hii si mbinu ya utafiti, kijana. Kwa nini hukuuliza?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mia. Nilijua viwango vya homoni kwa moyo, nilijua joto la kila kabati la maabara.

"Kwa sababu nilifurahi," nilisema.

Aliniangalia juu ya miwani. Nilidhani ataandika kitu, na nadhani hata wenzake walidhani hivyo, kwa sababu wote waliitazama kalamu yake. Aliilaza mezani, akafungua ukurasa uliofuata, akaniuliza kwa nini nilitumia sukari ya kimea badala ya sukari ya kawaida, nami nikaanza kueleza.